Uzi Uliobaki Stendi

Kabula mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na Mama Neema namjua, mdomo wake huenda mbio kuliko vidole vyake, kwa hiyo nina saa tatu au nne za kukaa peke yangu na hii meza ya kukatia. Nimesogeza mkasi na chaki pembeni, nimechana karatasi katikati ya daftari la vipimo, na mlango nimeuegesha ili wateja wadhani sipo. Mtu ameshagonga mara moja. Nimenyamaza kama mwizi ndani ya duka langu mwenyewe.

Sikuandikii habari za pasipoti wala koti la baridi. Yule dada wa Mwanza anayeshughulikia safari yako ameshakutumia yote kwenye simu, na wewe umeyasoma kwa sauti hadi mimi nimeyakariri: mabegi mawili, basi la alfajiri, ndege ya kwanza, ndege ya pili, kisha mji ambao jina lake nikilitamka unacheka. Nguo kumi na mbili za watoto, ulizobuni wewe na tukazishona sisi wawili hapa Masumbwe, zinakwenda kutundikwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya mitindo ya watoto. Wanunuzi wa nchi nyingi watapita mbele ya banda lako, watazishika, watazigeuza waone ndani. Wakizipenda, umesema, kuna kiwanda kitakachokuchukua ukajifunze huko mwaka mzima. Uliponiambia nilijibu "sawa" kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari kwenye chai. Haikuwa sawa. Nilitoka uani nikaanua nguo ambazo hazijakauka.

Ila hilo nalo silo lililonikalisha hapa. Nimekaa kwa sababu ya hotuba yako.

Juzi ulisimama mbele ya kile kioo cha wateja ukafanya mazoezi kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yako nikibana upindo wa sketi yako ya safari. Ulipomaliza ukanigeukia, umejaa furaha, ukanitafsiria.

"Nawaambia hivi, mama. Bibi yangu hakujua kusoma, alikuwa anapima watu kwa uzi wenye mafundo. Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza akakosea mafundo, gauni likanibana mbele ya kanisa zima. Tangu siku hiyo mama yangu akaanza kuacha kitambaa cha akiba ndani ya kila mshono. Ndiyo maana nguo zetu zinakua na mtoto. Unaionaje?"

"Mmh," nilisema.

"Mmh nzuri au mmh mbaya?"

"Simama wima, unanipindia upindo."

Nilikuwa na pini nne mdomoni, na nilizishukuru. Ukasema wageni wanapenda sana hadithi yenye bibi ndani yake, watacheka kidogo kisha watagusa gauni. Ukacheka na wewe. Nami nikaendelea kubana pini, na nilijua nikinyamaza hadi kesho alfajiri, mama yangu aliyelala kaburini Samuye atachekwa na watu wa mataifa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Bibi yako hakukosea mafundo, Kabula. Mafundo yalikuwa sawasawa. Aliyekosea ni mimi, na aliyemsingizia ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengine ulikuwa mdogo, na mengine nilikusimulia nilivyotaka mimi.

Nilikuacha kwa Bibi ukiwa na miaka sita. Baba yako alikuwa ameshafuata almasi Maganzo, na hakurudi yeye wala hiyo almasi. Nikasikia huku Masumbwe kuna rashi, dhahabu imetoka, watu wanamiminika, na wachimbaji wakipata kitu wanataka wake zao na watoto wao wavae. Nikabeba cherehani kichwani hadi barabarani. Nilikuambia nakwenda wiki mbili. Ulinisindikiza hadi kwenye mti wa mwisho wa shamba la pamba, hukulia, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nina mtoto jasiri. Siku hizi nadhani uliniamini tu, ndiyo maana hukulia. Wiki mbili zikawa miaka minne, na huko kati nilikuja nikaondoka, nikaja nikaondoka, kila mara na zawadi kubwa kuliko siku nilizokaa.

Nguo zako zote nilizishona kutoka huku, kwa uzi wa Bibi. Sidhani kama umesahau jinsi alivyokuwa anakupima. Anachukua uzi mnene wa pamba, mwanzo wake anaufunga kitambaa chekundu ili nisigeuze. Kutoka hapo anakupima mabega, anafunga fundo. Anarudi mwanzo, anapima nusu ya kifua, anafunga mafundo mawili pamoja. Kiuno kina matatu. Urefu hadi gotini, hapo ndipo anapokata. Anaukunja, anaufunga kwenye karatasi ya sukari, anampa kondakta wa basi. Mimi nikiupata nauning'iniza kwenye msumari hapa ukutani, juu ya cherehani. Jioni nikifunga kazi nilikuwa naushusha, naupitisha kwenye vidole. Nilijidanganya kwamba ni sawa na kukushika.

Mwaka ule wa komunyo yako, uzi uliokuwa msumarini ulikuja wakati wa palizi ya pamba. Nilikushonea nao sare ya shule. Miezi ikapita, mvua zikaisha, pamba ikaanza kuchumwa. Na dhahabu huku ilikuwa imekubali kwelikweli. Mashine za karasha zilisaga mawe mchana kutwa, na kila aliyekuwa na mtoto wa komunyo alitaka gauni la satini lenye mikono ya puto kuliko la jirani. Nilikuwa na magauni ya watoto wa watu yamejaa hadi kitandani. Nililala ubavu mmoja nisiyakunje.

Yule binti wa kibanda cha tiketi pale stendi akapita hapa. "Mama Kabula, una mzigo wako kutoka Samuye. Unanukia karanga."

Nikamwambia kesho.

Akapita tena siku ya soko, akaniambia mama, mzigo. Nikamwambia ninakuja. Mara ya tatu alipiga kelele tu kutoka ng'ambo ya barabara, nami nikainua mkono bila kutoa macho kwenye sindano. Kutoka hapa hadi stendi unapajua. Ni mwendo wa kuchemsha chai.

Nikashona gauni lako mwisho kabisa, baada ya magauni ya watoto wa watu wote. Nikaushusha uzi wa msumarini, ule wa palizi. Sikujiuliza hata mara moja kama mtoto anasubiri mama yake bila kukua. Na kwa kuwa lilikuwa lako, nikataka liwe safi kuliko yote, ndani na nje. Kila mshono nikaukata kwa ndani karibu kabisa na uzi wa cherehani, nisibakize hata inchi moja. Lilikuwa gauni zuri, Kabula. Mpaka leo sijawahi kushona zuri kama lile. Nikalitanguliza kwa basi siku mbili kabla, kusudi Bibi alipige pasi.

Siku yenyewe nilichelewa, basi liliharibika njiani. Nilipofika kigangoni mlikuwa mmeshapanga mstari nje, wavulana kulia, wasichana kushoto. Nilikutafuta kwa kimo, nikawa naangalia watoto wafupi. Nilikupita. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote hadi leo, nilikupita mwanangu wa kumzaa, nikaendelea kutafuta.

Bibi ndiye aliyeniita "mama" kwa Kisukuma, kama alivyozoea. "Mayu, mtoto huyu hapa."

Mabega yako yalikuwa yametoka nje ya mikono ya puto. Mgongoni zipu haikupanda hata nusu. Bibi alikuwa amefumua kwapani kwa wembe ili alegeze, akakuta hakuna kitambaa ndani, mama fundi amekata chote. Akabana kwa pini alizoazima kwa masista, na juu yake akakufunika kitenge chake cha kanisani, cha bluu chenye maua, katikati ya watoto wote wenye nyeupe tupu. Ulishika ncha zake kifuani kwa mikono miwili. Ulipofika mbele ya padre ilibidi uunganishe mikono kusali kama mlivyofundishwa, na kitenge kikaanguka. Nilisikia watoto wa nyuma yako wakicheka. Nilisikia na mtu mzima mmoja.

Baada ya misa ulinijia, ukaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia. Kisha ukaniuliza, taratibu, wala hukuwa na hasira: "Mama, ulisahau nilivyo?"

Swali hilo nimelibeba miaka yote hii. Siku ile ningeweza kulijibu kwa neno moja, ungelia, ningelia, tungekula wali na kuku na yangeisha. Lakini walikuwapo wanawake wa jumuiya wamesimama, wananitazama mimi, fundi niliyetoka kwenye dhahabu, na mtoto wangu yuko mgongo wazi. Nikasema kwa sauti wote wasikie: "Bibi yako ndiye aliyekosea mafundo."

Bibi alikuwa anakukunjia kola. Mikono yake ikasimama. Akanitazama, si kwa ukali, alinitazama kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Alijua ametuma uzi mpya. Alijua alikupima upya, akaupeleka mwenyewe barabarani kwa miguu yake ile. Neno moja tu angesema. Akakuinamia akasema, "Ni macho, mjukuu wangu. Uzee huu. Nisamehe."

Na wewe ukajitoa mikononi mwake.

Niliporudi Masumbwe nilishukia pale pale stendi nikaenda kibandani. Mzigo ulikuwa chini ya meza. Karanga zilikuwa zimeingia wadudu. Katikati yake, kwenye karatasi ya sukari, uzi wenye kitambaa chekundu. Nikaufungua hapo hapo, nikaulinganisha na ule wa palizi niliokuwa nimeufunga kwenye kamba ya pochi. Kifuani ulikuwa umezidi vidole vitatu. Urefu karibu kiganja kizima. Wewe ulikuwa umenitangulia kote huko, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nikishonea mtoto ambaye hayupo tena.

Mwaka uliofuata nikaja kukuchukua. Ulidhani ni zawadi ya kufaulu. Hukuwa umefaulu hivyo, wewe na hesabu mlikuwa hamsalimiani. Niliogopa nisije nikakupita tena, ndiyo sababu. Siku ya kuondoka Bibi alitaka akupime kwa mara ya mwisho, akatoa uzi wake, ukarudi nyuma hatua moja ukasema, "Mama ana tepu. Bibi hajui." Akaukunja uzi, akaurudisha kwenye kikapu. Hakupima mtu tena baada ya hapo, hata wajukuu wake wengine. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika begi lako. Nilikuwa bado naweza kusema. Nikasema, "Twende, basi litatuacha."

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho nilikwenda kumuuguza, unakumbuka nilikuachia duka. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamnywesha uji kwa kijiko. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu, nikajikaza. Nikamwambia, "Mayu, ule uzi wa komunyo..."

Akasema, "Uzi gani? Mimi nakumbuka karanga. Nilizichagua moja moja. Ulizila?"

Nikamwambia nilizila. Nikamwambia zilikuwa tamu.

Akatabasamu akasema, "Wabeja." Alinishukuru mimi. Nikatoka nje nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikalia hadi jirani akaja kuuliza kama mgonjwa ametutoka.

Basi hiyo ndiyo akiba ninayoacha kwenye mishono. Wewe umeifanya kuwa kitu kizuri. Umeweka mikunjo inayofumuliwa kila mwaka, vifungo vinavyohama, gauni moja linalomvusha mtoto miaka mitatu, na nikikutazama ukikata huwa najiuliza ulitoa wapi akili hiyo. Lakini mwanzo wake haukuwa busara ya mama yako. Nilianza kuacha kitambaa kwa aibu. Kila nguo ya mtoto niliyoishona baada ya siku ile niliikata nikiona mgongo wako.

Sina mawaidha mengi ya kukupa, Kabula, na mwenye rekodi kama yangu anyamaze. Najua vitu viwili vitatu tu, na nilivilipia ghali. Ukiharibu nguo ya mtu, mwambie "nimeharibu" kabla hajajitazama kwenye kioo, maana akishajitazama utaanza kutafuta maneno mazuri. Ukiambiwa mara moja una mzigo mahali, kaufuate siku hiyo. Na ukiona mtu anakaa kimya unapomlaumu, usidhani amekubali. Huenda anakutunza.

Hiyo hotuba yako ni yako, siwezi kukutungia. Ninaomba jambo moja, Bibi usimtaje kwa kosa. Sema ni mama yako. Waambie mama yako alikuwa fundi, alishonea watoto wa mji mzima, akasahau kwamba wa kwake anakua. Wacheke wakitaka, mimi niko Masumbwe, siwasikii. Umwambie yeyote atakayeuliza kwamba mwanamke asiyejua kusoma alipima mtoto kwa uzi wa pamba na hakukosea hata upana wa ukucha.

Utauliza kwa nini nisikuambie usoni, leo, ukirudi na nywele zako mpya. Ni kwa sababu ni mwoga. Uso wako ule wa kigangoni siuwezi mara ya pili. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa begi dogo, utaikuta ukiwa umeshafika mbali, na hasira zako utazimalizia huko huko. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kuchukua huo mwaka wa kiwandani na mwingine juu yake, una haki. Mimi nilikwenda wiki mbili nikakaa miaka minne, nitakuambia nini?

Lakini nitakuwa mpweke, sitakuficha na hilo. Nimeshaanza. Nimetazama cherehani yako hapo dirishani, nimejua kesho nitaifunika shuka na sitaizoea. Nitapika ugali wa watu wawili kwa mazoea halafu nitaumalizia asubuhi na chai. Nitamwuliza mtu kama rangi hii inaendana na hii, kisha nitakumbuka hakuna mtu. Bibi yako aliishi hivyo baada ya mimi kukuchukua, na sikuwahi kumwuliza jioni zake zilikuwaje.

Nimekuwekea nyuzi mbili ndani ya lile gauni la njano, la kumi na mbili, mfukoni. Wenye kitambaa chekundu ni wa Bibi, ule uliobaki stendi. Nimeuficha kwenye kopo la vifungo miaka yote hii. Gauni hilo la njano nililishona kwa vipimo vyake, hukujua, uliniambia tu nishone la mtoto wa miaka tisa. Lilinganishe mwenyewe, fundo kwa fundo. Lisimame hapo mbele ya wanunuzi, limkae mtoto yule ambaye sikumshonea.

Uzi wa pili ni mpya, nao nimeufunga kitambaa chekundu mwanzoni. Hauna fundo hata moja. Najua utanitumia picha kwenye simu, lakini kwenye picha watu hujinyoosha. Hasira zikishapoa, hata zikichukua mwaka, mwombe mtu huko akupime kama Bibi alivyokupima. Mabega fundo moja, kifua mawili, kiuno matatu, kisha kata. Uukunje, umpe mtu yeyote anayekuja huku.

Hapa ukutani msumari nimeuacha mtupu. Na kila basi litakaloingia Masumbwe, nitaweka mkasi chini, nitakwenda stendi kuuliza kama kuna mzigo wangu.

Mama yako